Bulongwa Hadi Matema kwa Miguu

Msikilizaji, ukitaja safari ya mlima, wengi wetu tunafikiria Kilimanjaro na pesa ambayo hatuna. Sisi wa Kyela tuna njia yetu, na sehemu kubwa yake ni mteremko. Unaanzia uwanda wa Kitulo, kwenye mita kama 2,600, unapita Bulongwa, kisha unaishuka Milima ya Livingstone mpaka mchanga wa Matema, chini ya mita 500.

Njia hii wameifungua wenyeji. Mwaka 1877 konsuli Mwingereza aitwaye Elton alitoka Ziwa Nyasa akaupanda uwanda ule, ramani za wakoloni zikaupa jina lake. Yeye alifia Ugogo Desemba ya mwaka uleule. Jina lake limebaki vitabuni. Wakinga, wenyeji wa kule, wanasema Kitulo.

Sasa, mipango. Anza na mwezi, nauli itafuata. Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, ndiyo ile inayoitwa Bustani ya Mungu, na maua yake huchanua wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili. Mvua hiyohiyo hujaza vijito na kuufanya mteremko utelezi mtupu. Na mvua ya Aprili huku Kyela mnaijua. Kwa hiyo anayefuata maua akayatazame kulekule juu, arudi na gari. Anayetaka kutembea hadi ziwani asubiri Juni. Maua atayakosa, ila njia itakuwa imekauka, na huku chini atakuta mchele mpya. Mimi ningechagua mchele.

Mzigo nao una mitihani yake. Usiku wa Juni kule Kitulo nyasi huganda barafu. Matema kuna joto na mbu. Sweta zito na dawa ya mbu vitakaa begi moja. Halafu kata kucha za miguu kabla ya safari. Msicheke! Ukishuka zaidi ya mita 2,000, vidole vinagonga ncha ya kiatu saa baada ya saa, na jioni kucha ndefu zimekuwa nyeusi. Kaza kamba za kiatu kwenye kifundo, shika fimbo, magoti yatakushukuru.

Usishuke peke yako. Njia panda ni nyingi, na nyingine zinaishia kwenye shamba la mtu. Lala Bulongwa, pita ofisi ya kijiji, omba mtu anayeijua njia. Mpatane malipo kabla hamjaondoka, na ukumbuke kwamba mwenzako atapanda tena mlima uleule kurudi kwake. Ondokeni alfajiri. Ukiweza, panga ufike Ijumaa, maana Jumamosi kuna soko la vyungu vya Wakisi pale Lyulilo, jirani tu na Matema.

Linalonikera ni hili: mgeni akifika leo hakuti hata kibao kimoja cha kumwelekeza. Wilaya ya Makete, yenye Bulongwa, iko Njombe, Kyela iko Mbeya, na njia inayovuka mpaka wa mikoa inakosa mwenyewe. Waheshimiwa wakurugenzi wa halmashauri hizi mbili, tunaomba kibao cha mbao kwenye kila njia panda, na orodha ya waongozaji katika ofisi za vijiji vya juu na vya chini. Fundi seremala wa Ipinda, hapa Kyela, anaweza kuvichonga vibao hivyo kabla ya Juni, wala hahitajiki mfadhili.