Fimbo ya Maharagwe



Sisi tukaao hapa Eldoret twajua mavuno. Ngano ya Uasin Gishu huvunwa kwa mashine kubwa ikatayo na kupura pamoja. Lakini maharagwe, mama huyatandaza juu ya turubai akayapiga kwa fimbo, tena kwa kiasi, kwa maana nguvu ikizidi yatapasuka. Nabii Isaya aliliona jambo hilo katika mashamba ya Yuda. Someni sura ya 28, kuanzia mstari wa 23. Mkulima wake hapitishi gurudumu juu ya mbegu ndogo za jira, na hata nafaka ya mkate ana mahali anapoacha kuipura. Ni nani aliyemfundisha? Isaya ajibu kwamba ni Mungu mwenyewe.

Basi, mbona hekima hii twaiacha shambani tukiingia nyumbani?

Tulizuru nyumba moja yenye wavulana wawili. Mkubwa akikemewa hucheka, na kesho hurudia kosa. Mdogo, kwa maneno yale yale, hukataa chakula siku mbili. Baba yao akatuambia, "Pasta, nawapenda sawasawa, kwa hiyo nawatendea sawasawa." Tuliiheshimu nia yake. Aliogopa upendeleo, na twajua jinsi upendeleo wa Isaka na Rebeka ulivyowatenga Esau na Yakobo. Lakini sauti ile iliyokuwa kama upepo kwa mkubwa, kwa mdogo ilikuwa gurudumu la gari. Mkubwa alihitaji kazi ya kumtia daraka, ndama wake mwenyewe wa kutunza. Mdogo alihitaji kuitwa kando na kuambiwa polepole.

Tangu 1985 hata 2023, mtihani wa KCPE uliwapima watoto wote wa darasa la nane kwa karatasi zile zile. Sekondari ya juu, iliyoanza Januari 2026, ina njia tatu: sayansi na ufundi, sayansi ya jamii, sanaa na michezo. (Wazazi wa mji huu wa wanariadha, tusiidharau ya tatu!) Hata hivyo bado twamsikia mzazi akiapa kwamba watoto wake wote watano watakuwa madaktari.

Na tuombe. Bwana uliyemfundisha mkulima, yupo mtoto asemaye sana mezani usiku huu, na yupo asiyesema neno. Utuonyeshe namna ya kumwendea kila mmoja. Amina.