Makaa ya moto kando ya Ziwa la Tiberia: Tafakari ya kipindi cha Pasaka

 

Mama Kanisa huadhimisha Ufufuko wa Bwana kwa siku 50, tangu Dominika ya Pasaka hadi Dominika ya Pentekoste. Lakini sherehe ikishapita, mwamini hurudi shambani, kiwandani, wodini au jikoni kwa mwajiri. Nchini Oman, ambako Jumapili ni siku ya kazi, Wakristo wengi husali Ijumaa. Je, furaha ya Pasaka huandamana na mtu hadi kazini, au hubaki kanisani pamoja na mishumaa?

Mwinjili Yohane, katika sura ya 21, anawaonyesha wanafunzi saba waliorudi Galilaya. Walikwisha kumwona Bwana akiwa hai, na bado iliwapasa kutafuta riziki. Simoni Petro akasema anakwenda kuvua samaki, na wenzake wakafuatana naye. Wakakesha usiku kucha wasipate kitu.

Mwaka 1986, maji ya ziwa hilo yalipopungua kwa ukame, yaligunduliwa matopeni mabaki ya mashua ya nyakati hizo, yenye urefu wa mita 8 na ushei. Iliundwa kwa mbao za aina nyingi, baadhi zikiwa zimekwisha kutumika mahali pengine. Ni chombo cha watu wasiotupa kitu. Kwa watu wa namna hiyo, usiku mmoja bila samaki ni hasara kubwa.

Kulipopambazuka, Yesu alisimama ufukoni wasimtambue. Akawaagiza washushe wavu upande wa kuume, nao wakapata samaki wakubwa 153, wala wavu haukupasuka. Waliposhuka pwani, wakakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Bwana aliyeshinda mauti alikuwa amewaandalia wavuvi wachovu kifungua kinywa.

Moto huo una maana nzito. Neno la Kigiriki analotumia Yohane kwa moto wa makaa linapatikana mara mbili tu katika Agano Jipya lote. Mara ya kwanza ni katika sura ya 18, uani kwa Kuhani Mkuu, ambako Petro alikuwa akiota moto usiku wa baridi, akamkana Bwana wake mara tatu. Sasa anasimama tena mbele ya makaa, na aliyemkana yupo mbele yake.

Yafaa kutazama utaratibu wa Yesu. Kwanza anawalisha, kisha anauliza. Hamwulizi Petro kwa nini alikana. Anamwuliza kama anampenda. Anauliza mara tatu, kwa hesabu ile ile ya kukana, na mara ya tatu Petro anahuzunika, kwa maana kidonda kimeguswa. Lakini kila jibu linafuatwa na kazi: kuwachunga kondoo wa Bwana. Kosa halifichwi, wala haligeuzwi kuwa fimbo. Aliyeanguka anaaminiwa tena.

Hapo ndipo Pasaka inapoingia nyumbani. Wapo ndugu wasiosemezana kwa sababu ya shamba la urithi. Yupo mzazi anayefanya kazi ughaibuni, ambaye simu yake haipokelewi na mtoto aliyemwacha mdogo. Wapo mume na mke wanaokula meza moja, kila mmoja akihesabu makosa ya mwenzake. Wote hao wana moto wao wa makaa, mahali wasipopenda kupakumbuka. Injili haiwaambii wapasahau. Inawaalika warudi hapo, yule aliyekosewa akitangulia kuandaa chakula, na yule aliyekosa akikubali kuulizwa juu ya upendo.

Huko Tabgha, kando ya ziwa hilo, lipo kanisa dogo lililojengwa na Wafransisko mwaka 1933, ambalo Papa Paulo VI alilizuru mwaka 1964. Ndani yake mna mwamba ambao mapokeo huuita Meza ya Kristo. Mahali panapokumbusha Petro alipokabidhiwa uchungaji, mahujaji huonyeshwa meza ya chakula.

Heri na baraka za Pasaka kwako, mpendwa msikilizaji, na kwa wote walio nyumbani mwako.