Maana ya Mikono Ipelekwayo kwa Simu

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu ulimi wa kusema na mikono ya kutenda. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.

Maneno haya yahusu jambo dogo kwa macho lakini lenye uzito katika maisha ya watu, nalo ni vile vijipicha vya mikono ambavyo watu hupelekeana kwa simu, viitwavyo emoji. Kwa ajili ya vijipicha hivyo wako waliokasirikiana, wako waliovunja ahadi, na wako walioacha kwenda mazikoni. Basi yafaa maana yake ielezwe.

Neno emoji ni la Kijapani, na maana yake ni picha iliyo kama herufi. Vijipicha hivyo vilienea kwanza katika simu za Japani tangu miaka ya mwisho ya 1990. Hata mwaka 2010 shirika la Unicode, ambalo hupanga herufi za simu na kompyuta za dunia nzima, likavitia vingi katika hesabu ya herufi zake. Miongoni mwavyo ni viganja viwili vilivyounganishwa. Mjapani aviungapo viganja vyake hivyo hushukuru, au huomba radhi, au huomba msaada. Mhindu husalimu kwa namna hiyo, na Mkristo husali. Wako hata wanaodhani kuwa ni watu wawili wanaopigana viganja kwa furaha.

Sasa mtu wa Magara apelekewapo rambirambi yenye viganja hivyo, asikimbilie kusema kuwa aliyemwandikia amewaiga wasio Waislamu katika ibada yao. Huenda amekusudia kusema pole tu. Hadithi aliyoipokea Sayyidna Umar bin Khattab, nayo ndiyo ya kwanza katika Sahihi ya Bukhari, yafundisha kwamba amali hupimwa kwa nia. Kumhukumu ndugu kwa kijipicha, bila ya kumwuliza alichokusudia, ni dhulma. Hata hivyo, ajuaye lililo bora na alifuate. Tangu mwaka 2017 pana kijipicha kingine, cha viganja viwili vilivyokunjuliwa kuelekea juu, kama mtu aombavyo dua, nacho kwa Muislamu hakina utata.

Lakini kijipicha cha dua hakijawa dua. Salman Al-Farisi amepokea kutoka kwa Mtume (s.a.w.) maana ya kuwa Mwenyezi Mungu huona haya kuirudisha mitupu mikono ya mja wake aliyemwinulia. Mikono iliyotajwa humo ni ya mtu mwenye moyo na haja. Mtu akiandika, "Mwombeeni mgonjwa," na watu hamsini wakajibu kwa viganja, ni wangapi kati yao walioinua mikono yao kweli? Kila mmoja aiulize nafsi yake.

Sunna yenyewe imeonyesha mahali pa ishara. Bibi Asma binti Yazid ameeleza, katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, kwamba Mtume aliwapita wanawake waliokaa msikitini, akawaashiria kwa mkono wake kwa salamu. Imam Nawawi ameifahamu hadithi hiyo kuwa Mtume alikusanya ishara na tamko la salamu. Hapo pana adabu kubwa: mkono huliandama neno, wala haushiki mahali pake. Basi aliyeandikiwa Assalaam alaykum kwa herufi zote, asijibu kwa mkono unaopungwa peke yake. Na aandike Wa alaykumu ssalaam. Mzee asiyejua kuandika ana udhuru wake, na simu za siku hizi humwezesha kupeleka sauti yake.

Ama kidole gumba kilichoinuliwa, hicho ni cha kuangaliwa sana sokoni. Mwaka 2021 huko Saskatchewan, nchini Kanada, mnunuzi wa nafaka alimpelekea mkulima kwa simu picha ya mkataba wa tani 87 za mbegu za kitani, akimtaka aukubali. Mkulima akajibu kwa kidole gumba. Siku ya kuleta mbegu ilipofika, bei ilikuwa imepanda, na mbegu hazikuletwa. Mkulima akadai kwamba kidole kile kilikuwa na maana ya kuwa ameupata ujumbe, basi. Mwaka 2023 jaji aliamua kuwa kidole hicho kilikuwa sahihi ya mkataba, akamtoza zaidi ya dola 82,000 za Kanada. Na rufani yake ikashindwa mwaka 2024. Hukumu hiyo ni ya huko. Lakini Muislamu anayo amri iliyo karibu naye zaidi, kwani Qurani, mwanzoni mwa Sura ya Al-Maida, yamwamuru kutimiza mikataba. Mvuvi aliyeulizwa na mchuuzi wa Rumonge, "Utaniwekea ndagala za kesho?" akapeleka kidole gumba, ameahidi. Akirudi ziwani alfajiri na kumwuzia mwingine kwa bei kubwa zaidi, asiseme kwamba hakutamka neno. Asiye na hakika na aandike, "Nitakujibu jioni."

Lililo zito kuliko yote ni la msiba. Abu Huraira amepokea haki za Muislamu kwa Muislamu mwenzake: kuitikia salamu, kumzuru mgonjwa, kufuata jeneza, kuitikia mwaliko, na kumwombea apigaye chafya. Haki ya jeneza hulipwa kwa miguu na mabega. Ndugu aliye Bujumbura, Kigoma, Uvira au ng'ambo, asiyeweza kufika, ujumbe wake ni faraja, hasa ukiwa na maneno ya dua na, akijaliwa, chochote cha kuwasaidia wafiwa. Bali jirani wa nyumba ya tatu, mwenye afya na nafasi, akipeleka viganja kisha akalala, amewapunja marehemu na wafiwa. Kaburi halichimbwi kwa simu, maji ya kuoshea maiti hayatekwi kwa simu, wala mjane hapikiwi chakula kwa simu. Wazee wamesema kuwa mkono mtupu haulambwi. Na mkono wa picha ni mtupu kuliko yote.

Basi mwenye kupeleka viganja na ainue vyake kwanza. Mwenye kupeleka kidole gumba na aitimize ahadi. Na mwenye kupeleka pole kwa jirani na aifuate kwa miguu yake. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awaponye wagonjwa, na aijaalie mikono ya watu wa ufuko huu kuwa mikono ya kusaidiana. Amin.

Wabillahi taufiq.