Mpira wa Kupumulia Kupitia Puani: Mama, Sema Unalolijua



Leo tuzungumze juu ya jambo linalowatia hofu wazazi wengi. Mwanao ameoza meno mengi, na umeambiwa atatibiwa akiwa amelala kwa dawa ya usingizi, yaani nusukaputi. Kisha ukaelezwa kuwa mpira wa kupumulia utapitishwa puani. Unajiuliza: kwa nini puani, na kinywa kipo?

Sababu ni hii. Katika usingizi ule mzito koo hulegea, na mtoto hawezi kukohoa ili ajikinge. Mpira humpelekea hewa mapafuni na kuzuia damu na mate yasiingie huko. Kwa operesheni nyingi mpira hupita kinywani. Lakini daktari wa meno anafanya kazi humo humo kinywani, na mpira ungemziba. Si jambo geni. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, daktari Ivan Magill wa Uingereza alipitisha mipira puani kwa askari walioumia nyuso, na koleo aliyoibuni ingali ikitumika hadi leo.

Njia za kuupitisha ni tatu. Ya kwanza ni ya kawaida: daktari wa usingizi hufungua kinywa kwa chombo chenye taa, akaona koo, na akihitaji huuelekeza mpira kwa koleo ile. Ya pili hutumia chombo chenye kamera ndogo. Koo huonekana kwenye kioo kama televisheni, na mara nyingi koleo haihitajiki. Ya tatu ni kamera nyembamba inayopindika, inayopita puani ikiwa imevikwa mpira. Hii hufaa hasa pale kinywa kisipofunguka, kwa mfano taya limevimba kwa jipu la jino. Si kila hospitali ina vyombo vyote hivi, na ile njia ya kawaida, mikononi mwa mjuzi, inawafaa watoto wengi.

Tatizo linalotokea zaidi ni pua kutoka damu, kwa kuwa ndani yake mna mishipa mingi midogo. Ili kulipunguza, mpira hulainishwa kwa maji ya moto, hupakwa mafuta maalumu, na pua hutiwa dawa ya kuibana mishipa. Daktari pia huchagua tundu lililo wazi zaidi.

Lakini atachaguaje vyema ikiwa wewe umenyamaza? Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Mwambie daktari mapema kama mwanao:

1. Hutokwa na damu puani, au akijikata damu haikatiki upesi.
2. Hukoroma sana au hulala kinywa wazi. Huenda ana nyama za puani.
3. Aliwahi kujitia shanga au mbegu ya mbaazi puani.
4. Ana mafua, kikohozi, homa au pumu.
5. Ana jino linalocheza. Laweza kung'oka na kuingia mapafuni.
6. Aliwahi kudhurika na dawa yoyote, au jamaa yake alipata shida kwa nusukaputi.

Jambo jingine ni chakula. Tumbo likiwa na kitu, mtoto aweza kutapika akiwa amelala na matapishi yakaingia mapafuni. Hilo laweza kuua. Kwa kawaida chakula, uji na chai ya maziwa husimamishwa saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, na maji matupu saa 2. Kwa hivyo kama operesheni ni saa 3 asubuhi, mtoto mkubwa ale chakula cha usiku kisha basi. Anayenyonya anyonye mwisho saa 11 alfajiri, na maji mwisho saa 1 asubuhi. Ukipewa saa tofauti hospitalini, fuata hizo.

Waambie wote nyumbani, hata nyanya mwenye huruma. Na ikiwa mtoto amenyakua hamri jikoni, sema! Usiogope kugombezwa. Operesheni ikiahirishwa utapanga siku nyingine.

Baada ya operesheni, damu kidogo puani, koo kuwasha na sauti kukauka ni kawaida kwa siku moja au mbili. Pua ikitoka damu, mkalishe, ainamie mbele, ubane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 bila kuachia. Mrudishe hospitali mara moja damu isipokatika, akipumua kwa shida au kwa mlio, akipata homa kali, akishindwa kunywa, au akiwa mzito kuamka.

Mama, kabla ya siku hiyo muulize daktari wa usingizi: utapitisha mpira wapi, na kwa nini? Ni haki yako kujua, na ni wajibu wako kumweleza unayoyajua.