Kikomo cha Kengele na Mwendo wa Msaada

Ipo hoja yenye sura ya busara ambayo nimekuja kuibomoa. Shirika la Afya Duniani huhesabu hali kuwa mbaya mno pale watoto wa chini ya miaka mitano waliokonda wanapofika asilimia 15. Tafiti za lishe za kaunti ya Turkana, Kenya, zimeuvuka mstari huo mara nyingi. Basi, wasema wenye hoja, mstari upandishwe kwa Turkana, kengele ilie panapozuka jambo geni tu. Wahandisi wa mitambo hutajwa kuwa mashahidi, kwani nao huchukia kengele isiyonyamaza.

Mashahidi hao na wasikilizwe hadi mwisho. Kweli, wingi wa kengele huziba masikio: katika kiwanda cha Texaco cha kusafisha mafuta, Milford Haven, Wales, Julai 24, 1994, waendeshaji wawili walipigiwa kengele 275 katika takriban dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko. Lakini mhandisi makini haweki kikomo kwa kutazama kilichozoeleka. Huanza na kiwango cha madhara, kisha hurudi nyuma kwa kadiri ya muda unaohitajika kutenda. Maji yakipanda tangini sentimita 2 kila dakika, na vali ikihitaji dakika 10 kufungwa, kengele ilie yakiwa yamebakiza sentimita 20 kufika ukingoni, au mapema zaidi. Vali ikizidi kuwa nzito, kikomo hushuka.

Je, vali yetu, yaani msaada, ni nzito kiasi gani? Oxfam na Save the Children, katika ripoti yao ya Januari 2012, walieleza kwamba dalili za janga la njaa la Pembe ya Afrika zilionekana Agosti 2010, na msaada mkubwa ukaanza Julai 2011. Hiyo ni miezi 11. Anayetaka kupandisha kikomo cha Turkana anaweka hesabu ya mtambo mwepesi kwenye mtambo mzito. Margaret Buchanan-Smith na Susanna Davies waliliona hilo mapema. Kitabu chao cha 1995 kiliichunguza Turkana sambamba na Ethiopia, Sudan, Chad na Mali, na ningependa kila ofisa wa kaunti akisome. Wanaonyesha kwamba taarifa za njaa hazikuwa haba. Kilichokatika ni kiungo kati ya taarifa na hatua. Turkana ina uzito wa pekee humo kwa sababu mfumo wake wa tahadhari, ulioanza miaka ya 1980, ulipanga mapema hatua za kila ngazi ya ukame.

Wapo watakaosema kwamba maumbile marefu na membamba ya wafugaji hukuza takwimu za kukonda. Pingamizi hilo lina uzito, ila linahusu kipimo: tumia pia mkanda wa kupima mkono, ukiacha kikomo mahali pake. Wengine watauliza, kengele ya kudumu itasikika vipi? Ongeza kengele ya pili, inayopima kasi ya kuzorota. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame tayari hutofautisha hali ya kawaida, tahadhari, hatari, dharura na ahueni; na mpango wa fedha wa HSNP (Hunger Safety Net Programme) huongeza malipo kwa kaya zaidi pale kipimo cha uoto kwa setilaiti kinaposhuka hadi ukame mkali. Hiyo ni kengele iliyofungwa kwenye vali. Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma kuna kinyume chake: posho ya chakula hufuata fedha za wafadhili, haifuati hali ya lishe, na Machi 2025 wakimbizi waliandamana ilipopunguzwa.

Kwa hiyo msimamo wangu haujatikisika. Kikomo chochote kiandikwe pamoja na hatua yake, mtekelezaji wake, fedha zake na siku zinazohitajika. Kisipokuwa na hayo, hakistahili kuitwa kikomo. Na kengele ikilia mwaka mzima, maana yake mtambo umekaa nje ya usalama mwaka mzima. Dawa yake iko katika bajeti ya kudumu ya maji, mifugo na zahanati, ambayo bunge la kaunti lina mamlaka ya kuipitisha. Atakayependekeza asilimia 20 au 25 kwanza atuonyeshe ni siku ngapi za kuchelewa kwa msaada amezipunguza.