Usipopenda Kupika, Nyumbani Watakula Nini?

  Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na kazi yangu hunipitisha nyumba kwa nyumba. Mara nyingi nakaribishwa sebuleni, lakini mazungumzo yenyewe huishia jikoni.

Leo sitazungumzia malaria wala chanjo. Nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo watu huniambia kwa sauti ya chini, tena baada ya kuchungulia kama kuna mtu anasikia. "Sista, mimi kupika sipendi." Ameniambia hivyo mama wa watoto watatu anayeuza nguo siku kutwa na kurudi nyumbani magharibi. Ameniambia kijana anayesoma Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, hapa hapa Tudor, anayeishi chumba kimoja na jiko liko chini ya kitanda. Ameniambia baba ambaye mkewe amekwenda Uarabuni kufanya kazi, akaachiwa watoto na sufuria. Na ameniambia bibi wa miaka sitini na zaidi, aliyepika tangu akiwa msichana mdogo, akasema, "Mwanangu, nimechoka na moto."

Huku kwetu Pwani neno hili ni zito. Mwanamke hupimwa kwa wali wake. Mavyaa akija kutembea hufunua sufuria kabla hajaulizwa hali. Kwa sababu hiyo mtu huficha. Akija kliniki nikimuuliza jana mlikula nini, ataniambia mchicha na samaki. Kisha napima presha, napima sukari, na mashine inaniambia habari nyengine. Naomba leo tuiweke aibu kando. Kutopenda kupika si dhambi wala si uvivu. Lakini mwili wako haujui kama unapenda au hupendi. Wenyewe unataka chakula, na mtoto wako vile vile.

Kabla ya kufika kwenye sufuria, kuna jambo moja nataka mlisikize vizuri. Ikiwa zamani ulikuwa ukipika bila taabu na sasa hata kumenya kitunguu kunakushinda, usikimbilie kujilaumu. Huenda mwili unakwambia kitu. Mtu aliyepungukiwa na damu huchoka bila kufanya kazi kubwa, huhema akipanda ngazi, moyo humwenda mbio, na kiwambo cha ndani ya jicho huwa cheupe. Kina mama wajawazito na wale wanaotokwa na damu nyingi kila mwezi wako katika hatari zaidi. Mwenye maradhi ya sukari ambaye hajajijua pia huchoka, huku ana kiu isiyokwisha na anaamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo. Mja mzito katika miezi ya mwanzo anaweza kuchukia harufu ya kitunguu kinachokaangwa hata akatapika, na huyo ndugu zake wamsaidie, wasimcheke.

Tena kuna uchovu wa moyo. Mama amejifungua, watu wanakuja kumpongeza, naye ndani hana furaha. Hana hamu ya kupika, hana hamu ya kula, hana hamu ya kuoga wala kuzungumza na shoga zake. Hali kama hiyo ikiendelea wiki mbili au zaidi, si tabia mbaya wala si kudeka. Ni ugonjwa, una matibabu, na inafaa apelekwe hospitali. Nimeona nyumba ambapo mama wa namna hii aliitwa mvivu miezi mitatu mizima. Hakuna aliyemuuliza kama anapata usingizi.

Sasa tuje kwa wewe ambaye ni mzima wa afya lakini jiko hulipendi. Nikikaa na mtu kama huyo humuuliza: hasa ni kipi usichokipenda? Mara chache sana anajibu kwamba ni kupika kwenyewe. Mmoja anachukia joto la jikoni mwezi wa pili. Wa pili anachukia kuosha vyombo, na kwa Mombasa nina haki ya kumwelewa. Maji yetu yanatoka mbali, Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na mfereji ukikauka unanunua mtungi wa lita 20 kutoka kwa mwenye mkokoteni. Sufuria iliyoungua inakunywa maji ya pesa. Wa tatu anachukia ile fikira ya kila siku: leo tupike nini?

Huyu wa tatu dawa yake ni rahisi, na tunayo tayari ila hatuitumii. Nyumba nyingi za Mombasa, siku ya Ijumaa haulizi mtu. Ni pilau au ni biriani, basi. Kazi ni nyingi kuliko siku yoyote, lakini hakuna anayesumbuka kichwa, kwa sababu uamuzi ulishafanywa zamani. Basi zipe na siku nyengine majina yao. Jumatatu iwe ya pojo, Jumanne ya sima na mchicha na samaki, Jumatano ya mbaazi, na kuendelea. Ukifika sokoni huna haja ya kuzunguka. Watoto watanung'unika wiki ya kwanza, kisha watazoea, na baadaye watakukumbusha wao.

Kwa wale wa vyombo, pikeni chakula cha sufuria moja. Kunde na viazi vitamu na majani ya mchicha vinaweza kukaa pamoja. Wali wenye pojo ndani yake unashibisha, tena ni lishe nzuri kuliko wali mtupu. Roweka sufuria mara tu unapopakua, usingoje ikauke.

Halafu wacha wengine wakufanyie sehemu ya kazi. Mwenye samaki mwambie akupaarie magamba na akutoe matumbo pale pale. Pale Marikiti nazi unakuniwa. Sukuma wiki mama wa kibandani anakukatia, ingawa hapo mimi kama muuguzi nina neno: mboga huoshwa kabla ya kukatwa, kwa maji safi. Ukiwa huwezi kumsimamia, nunua nzima ukakate mwenyewe. Maharagwe yaliyochemshwa yanauzwa kwa kipimo. Ukiyanunua ya moto, ukayachemsha tena nyumbani na kuyaunga kwa nyanya na kitunguu, umepika, na asikudanganye mtu kwamba hukupika.

Mwenye friji ana nafasi kubwa zaidi. Chemsha pojo au maharagwe mengi siku moja, bila nazi na bila chumvi. Yakipoa kidogo yagawe katika vyombo vidogo, yatie ndani ya friji kabla saa mbili hazijapita tangu kuiva. Yatakaa siku tatu. Kila jioni unatoa chombo kimoja, unatia tui, unachemsha mpaka yatokote, umemaliza. Tui ndilo linaloharibika upesi katika joto letu, na ndiyo sababu nasema litiwe mwisho, kwa kile kitakacholiwa leo tu. Asiye na friji asijaribu kulaza chakula. Wali uliolala juu ya meza Mombasa unaweza kumtapisha mtu mzima, na kuupasha moto asubuhi hakuondoi sumu iliyokwisha kutengenezwa na vijidudu.

Kwa asiye na friji kuna kikapu. Wengi mnakijua, kile kikapu kilichojazwa matambara au sponji pande zote, sufuria ya moto ikatumbukizwa ndani na kufunikwa na mto. Chakula huendelea kuiva bila moto, bila joto jikoni, na wewe umekwenda zako. Kwa wali kinafaa sana. Kwa maharagwe, hasa yale mekundu, yaroweke usiku kucha, umwage maji hayo, uyachemshe kwa nguvu dakika 10 kamili au zaidi ndipo uyatie kikapuni. Maharagwe mekundu yasiyochemka vizuri yana sumu inayoumiza tumbo. Ukiyatoa, yachemshe tena kabla ya kula.

Wale wanaokaa nyumba za vyumba vingi wenye ua mmoja wana bahati ambayo hawaioni. Majiko sita yanawashwa uani jioni moja, na kila mmoja anapika kitoweo chake cha watu wanne. Mashoga watatu wanaopatana wanaweza kupika kwa zamu. Leo wewe unapika kitoweo cha nyumba tatu, kesho na keshokutwa unapokea. Pesa mkubaliane mapema, maana hapo ndipo urafiki huvunjika. Na kama mmoja ana mtu wa presha nyumbani, chumvi itiwe kidogo kwa wote, atakaye aongeze sahanini. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na humo mmehesabiwa chumvi ya mkate na ya vile vidonge vya mchuzi.

Kina baba, nanyi nawaona mnataka kubadilisha stesheni. Ngojeni kwanza. Harusi zetu, nani anayesimama na ule mwiko mrefu mbele ya sufuria ya pilau la watu mia tano? Ni mwanamume, na watu wanamsifu. Mwanamume huyo huyo akifika kwake hawezi kuchemsha pojo. Mimi sielewi. Kijana wa miaka kumi na miwili anaweza kuchambua mchele na kusonga sima. Kumfundisha ni kazi kwa mwezi mmoja, baada ya hapo unapumzika siku mbili katika wiki.

Mtaniuliza, sista, si ninunue chakula tu? Nunua. Sisemi usinunue. Mbaazi za nazi za asubuhi ni chakula kizuri, na sima na mboga ya moto ya kibandani si mbaya. Ninacholalamikia ni ile jioni ya chipsi, kesho viazi karai, keshokutwa bajia na soda, wiki baada ya wiki. Soda ya mililita 300 ina sukari ya vijiko 7 au 8 vya chai. Hakuna kati yetu anayeweza kutia vijiko vinane kwenye kikombe akanywa. Katika chakula hicho mboga iko wapi? Mtu anahitaji gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na kachumbari ya kijiko kimoja juu ya chipsi haifiki huko.

Na chai. Chai ya rangi nzito pamoja na chakula huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye mboga na pojo. Kwa mwenye upungufu wa damu, chai ingoje kiasi cha saa moja baada ya chakula. Badala yake kamulia ndimu juu ya mchicha, hiyo inasaidia.

Mtoto mdogo ana hesabu yake. Akitimiza miezi sita anaanza chakula pamoja na ziwa la mama. Kati ya miezi sita na minane ale mara mbili hadi tatu kwa siku, na kuanzia miezi tisa ale mara tatu hadi nne. Kwake chukua kile kile cha sufuria ya nyumbani kabla hakijatiwa pilipili na chumvi, ukiponde: pojo, kiazi kitamu, samaki aliyetolewa miiba vizuri. Chai na mkate humjaza tumbo na havimkuzi. Mama ambaye kupika kunamchosha ajibakishie nguvu zake za mwisho hapa, hata kama wakubwa watakula mkate jioni hiyo.

Wahudumu wa afya ya jamii mnaowaona wakipita mitaani walipewa mikoba mwaka wa 2023 yenye mashine ya presha, ya sukari na utepe wa kupima mkono wa mtoto. Wakibisha hodi wafungulieni, wapime. Anayehisi dalili zile nilizozitaja mwanzo, za damu, za sukari au za moyo uliochoka, aende hospitali ya Tudor au kituo kilicho karibu naye, na akifika aseme wazi kwamba hata kupika kumemshinda. Kwetu hilo ni dalili kama dalili nyengine, tunaliandika.

Na aliye na pojo au maharagwe kabatini, ayaroweke usiku huu kabla ya kulala. Simu zetu ziko wazi sasa. Naona kuna mtu ameshapiga.