Pointi hazilipwi kwa mwili



Sisi tuliokimbia vijiji vya Masisi na Walikale tuliacha mashamba, lakini watoto tulikuja nao. Tunawakabidhi kwa mwalimu kama kwa mzazi. Basi mwalimu akimwambia binti amfuate nyumbani jioni, au akubali kulala naye ili apande darasa, hayo si mapenzi. Anayeogopa kuanguka masomo hana nguvu ya kukataa.

Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inamlinda kila asiyetimiza miaka 18, na inaongeza adhabu kama aliyembaka ni mwalimu wake. Kwa hiyo, wazee wetu, tusikae chini ya mti kumaliza neno hili kwa mbuzi na kasiksi. Mbuzi analiwa siku moja. Binti anaacha shule, na mwalimu yule anatafuta mwingine.

Tufanye hivi. Masomo ya ziada yawe mchana, mlango wazi. Komite ya wazazi ichague mama wawili ambao wasichana watawaambia bila haya. Aliyebakwa afike kituo cha afya kabla ya saa 72 kupita, apate dawa za kuzuia UKIMWI na mimba. Kisha tuende mbele ya sheria.

Walimu waaminifu, mpaka huu unalinda jina lenu pia. Tunaomba amani kila siku, tuianzishe darasani.